Mlamba Kurasa

Ukurasa ulikuwa na mate, na mate yale hayakuwa ya Mama Kasuku.

Kuapa mbele za watu asingethubutu, maana kwa kulamba kidole alikuwa na jina. Chumba kizima cha kupigia picha vitabu kilimjua: kidole mdomoni, kidole ukurasani, ukurasa umegeuka, kidole kinarudi mdomoni. Ofisi ilimwekea sifongo ya maji kwenye kisosi kwa sababu hiyo hiyo, na sifongo yenyewe ilikuwa imekauka ikapasuka, haijaguswa tangu iletwe. Lakini mate yako unayajua, bwana. Mate ya kidole ni kidoa kidogo pembeni, kinakauka kabla hujafika ukurasa wa pili. Haya yalikuwa katikati, mapana kama kiganja, yameteremka toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, mazito, yanavutika. Kitabu kilikuwa kimelala rafuni kimefungwa usiku kucha, na asubuhi ile mate bado yalikuwa na uvuguvugu.

"Gundi," aliita polepole. "Hebu njoo mara moja."

Gundi alikuwa fundi wa vitabu vilivyochanika, mwanamume mpole ambaye kucha zake hazikuwahi kutakata gundi, na jina alilipatia hapo. Alikuja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Nani kalamba kitabu changu?"

"Mlambaji wa humu ndani si tunamjua?" Gundi akacheka. "Leo mwizi ndiye anayeuliza nani kaiba."

Akainama kunusa, ndiyo kazi yake, kunusa kama karatasi imeingia ukungu. Akarudi nyuma akiziba pua kwa mkono wa shati.

"Hiki kinanuka mdomo," alinong'ona.

Na kweli kilinuka mdomo. Mdomo wa mgonjwa asiyesafishwa meno, uliofungwa muda mrefu ukaja kufunguliwa karibu na uso wako, na ndani yake kuna kijinyama kilichooza kati ya meno.

Tuseme ukweli: aliyeufungua mdomo huo ni Mama Kasuku mwenyewe.

Kazi yao ilikuwa ya heshima, sitaki kuwasema vibaya. Vitabu vililetwa kutoka shule zilizofungwa, nyumba zilizoingia maji, makabati ya marehemu. Kitabu kililazwa kwenye kitanda cha mbao kilichokaa kama viganja viwili vinavyoomba dua, kioo kikashuka juu yake, kamera mbili zikapiga, kioo kikapanda, ukurasa ukageuzwa. Picha zilikwenda kwenye maktaba ya mtandaoni, iliyounganishwa na maktaba nyingine za dunia nzima, na mtu yeyote popote alipo aliweza kusoma kitabu kile akiwa kitandani kwake. Kwenye ukumbi wa mbele kulikuwa na skrini kubwa toka sakafuni hadi darini, wakiiita Ukuta. Kila kitabu kilichookolewa duniani kilikuwa nukta moja nyeupe ya mwanga humo. Unagusa nukta, inakua, inakuwa jalada, jalada linafunguka. Mkuu wa kitengo alipenda kusimama pale na wageni, mikono nyuma, kana kwamba vyote kaviandika yeye.

Siku moja Mama Kasuku alimpitisha pale bintiye. Mtoto akatazama zile nukta zisizohesabika, akashika kiuno.

"Mama! Mchele umemwagika!"

Watu wakacheka mpaka Mkuu akacheka.

Sasa kitabu hiki. Kilikuja kwenye gunia pamoja na vingine, kutoka nyumba ya mzee aliyefariki ambayo wajukuu walitaka kuipangisha. Kinene, kimeandikwa kwa mkono, na katikati yake kurasa nyingi zilikuwa zimegandishwa pande zote kwa makusudi, kwa ute wa manjano uliokauka kama nta ya masikio. Sheria ya kazi ni kwamba ukurasa haurukwi. "Ukurasa ni ukurasa," Mkuu alikuwa akiimba, na mashine yenyewe ilikataa kitabu chenye pengo. Kurasa zilizogandana zinapelekwa kwa Gundi, anazipigisha mvuke taratibu, na wewe unasubiri zamu yako. Lakini meza ya Gundi ilikuwa imejaa mpaka chini ya miguu yake, na Mama Kasuku hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Akaona, ah, gundi si inalainika kwa maji? Na maji ninayo.

Akalamba kidole, akasugua ukingo. Akalamba tena. Kila kidole kiliporudi mdomoni kilikuja na ladha, kwanza chumvi, halafu utamu fulani wa usaha, na kila alipojiambia afuate sifongo, ulimi ulikuwa umeshatoka wenyewe. Ute wa yule aliyeziba kurasa ukachanganyika na mate yake, akaumeza. Akaumeza, jamani! Kurasa zikaachana kwa mlio wa midomo inayofunguka. Akazipiga picha zote, akafunga kitabu, akaenda nyumbani kumbusu mwanawe.

Na ndipo asubuhi yake akayakuta yale mate. Kilichomtisha Gundi kupita harufu ni kwamba chini ya mate hapakuwa na maandishi. Walifunua kwa kijiti: ukurasa mweupe, umelowa. Unaofuata, mweupe. Kitabu kizima kilikuwa kimelambwa wino wake wote, hata namba za pembeni, na vitabu viwili vilivyolala jirani yake rafuni vilikuwa vimeanza kulambwa kuanzia kwenye jalada. Mkuu alikuja na leso puani, akaamuru picha zifunguliwe kwenye kompyuta. Zilikuwa nzima, herufi zote zimo.

"Basi kitabu kimepona," alisema Mkuu kwa furaha. "Ndiyo maana ya kazi yetu hii. Ziruhusu ziende maktaba."

"Mkuu, subiri kwanza," alisema Gundi. "Karatasi hailambwi na hewa. Tujue kwanza ni nini."

Pale kwao kila mpiga picha aliingiza vitabu vyake mwenyewe kwenye maktaba, kwa jina lake, kwa kubonyeza neno Ruhusu. Hakuna mwingine aliyeweza kuviingiza wala kuvitoa, ili kila mtu abebe kosa lake. Mkuu akakuna kichwa, akasema haya, picha zikae. Mama Kasuku akanawa mikono kwa sabuni mara kadhaa. Mdomo hakukumbuka kuuosha.

Kasuku halikuwa jina la kuzaliwa la yule mtoto, mnaelewa wenyewe. Alikuwa na miaka mitatu na maneno ya bibi wa miaka sabini. Aliamka akiongea, akala akiongea, akaoga akiongea. Baba yake, fundi wa mafriji, alikuwa akisema, "Friji nikilikatia umeme linanyamaza. Hili la kwako, mke wangu, waya wake uko wapi?" Mama mtu hakutaka waya wowote. Alikuwa ameishi utoto wa kimya kwenye nyumba ya watu wasiosema naye, na kelele za mtoto huyu ndizo zilizokuwa nyumba yake.

Jioni ile Kasuku alinyoosha mkono kuelekea kijiko, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Ile."

"Ile nini?"

Mtoto akafikiri, akakunja uso, akaanza kulia.

"Anadeka huyo," alisema baba yake. "Mpe kijiko chake."

Kesho yake lilipotea neno la mlango. Kisha la maji. Kisha la paka, na paka mwenyewe yuko miguuni pake. Kila alipoamka, shavu lake moja lilikuwa limelowa kwa ukanda mpana wenye utelezi, na mto wake ulinuka. Mama yake alichukua pembe ya mtandio, akailowesha mdomoni, akamfuta, kama anavyofanya kila mama duniani kwa uso wa mwanawe. Mtoto alipoanza kulia akila, ulimi unamuuma, mama akamtafunia mkate kwanza, akautoa laini mdomoni mwake, akamlisha. Hospitali daktari alimulika tochi kinywani akashangaa. Ulimi ulikuwa mweupe, hauna vipele, umesuguliwa mpaka unang'aa. Akaandika dawa ya kupaka. Walipaka, na asubuhi dawa yote ilikuwa imelambwa.

Lilibaki neno moja, la mama. Mtoto alilishika kama anayeshikilia nguzo kwenye mafuriko. Alilia kwalo, aliomba chakula kwalo, alilala nalo. Siku moja aliamka, akamtazama mama yake, midomo ikakutana mara mbili, tatu, kutafuta. Halikuwepo. Mama Kasuku alitoka nje akalia chooni, kwa sababu hakutaka mtoto aone.

Akachukua ruhusa kazini ili amlinde. Mchana mmoja, jua linawaka, majirani wanapiga soga uani, redio ya nyumba ya pili inaimba, Kasuku alikuwa amelala mkekani na mama yake amekaa karibu akikunja nguo. Akasikia sauti, lap, lap, lap, kama paka anakunywa maziwa. Akageuka amfukuze.

Hapakuwa na paka. Mdomo wa mtoto ulikuwa umefunguka wenyewe, mpana kupita kiasi, ulimi wake mdogo mweupe umevutwa nje ukalazwa kidevuni, na juu yake kitu kisichoonekana kilikuwa kikipita, kikibonyeza, kikiacha utelezi, kinaingia mpaka kooni, kinatoka, na kila kilipotoka koo la mtoto lilitoa mlio mdogo wa kitu kinachong'oka. Mama Kasuku aliwahi kwa magoti, akapeleka mkono pale hewani juu ya uso wa mwanawe, akashika, na alichoshika ni nyama, nyama baridi ya utelezi yenye vipele vigumu kama vya ulimi wa ng'ombe, inapiga mapigo kiganjani, na hakuiachia, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, akaifuata kwa mikono miwili amtafute mwenye nayo, akitaka kusema nitakuua, nitakuua leo, na maneno hayatoki sawa sijui kwa nini, ikapita ukingoni mwa mkeka, ikazunguka ile nguo aliyokunja, ikarudi juu ya mapaja yake, ikapanda kifuani pake ikimlowesha blauzi, mpaka viganja vyake vikagota kwenye kidevu chake mwenyewe, na ndipo akajua ni kwa nini hakuweza kusema: mdomo wake ulikuwa wazi, na umejaa.

Baba Kasuku aliporudi alimkuta mkewe jikoni, amejifunga mtandio mdomoni kwa mafundo matatu, na mtoto amefungiwa chumbani peke yake.

"Kuna nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mkewe akatingisha kichwa. Akaandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani: NI MIMI.

Mume yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimbeba mtoto, akamshika mke mkono, akawapeleka kwa mwanamke mmoja aliyewahi kumtoa jino lililowashinda wengine. Wakimwita Mama Koleo. Alikuwa amefanya kazi ya kung'oa meno kwenye zahanati mpaka akastaafu, mikono minene, chumba chake kinanuka karafuu na dawa ya kusukutua. Majini alianza kuyatoa baadaye, na alieleza kwa ufupi tu kwamba mengi huingilia mdomoni, na mdomoni yeye ni mwenyeji.

"Mtoto akae kule na baba yake," alisema. "Wewe panda kitini."

"Anayeumwa ni mtoto," alisema Baba Kasuku.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Apande kitini."

Akafungua mafundo ya mtandio. Harufu ilipotoka, hata yeye, aliyeishi miaka yote hiyo na meno yaliyooza, alifumba macho kidogo. Akafunga koleo kwa kitambaa, akaushika ulimi wa Mama Kasuku, akauinua kama mtu anayeinua mfuniko wa sufuria lililosahaulika. Chini yake ulikuwepo wa pili. Wa kijivu, mpana, umekunjwa kunjo kwa kunjo kama tambara la kudekia lililoachwa ndoo imejaa maji machafu, na ulikuwa unapumua.

"Wewe nani?" aliuliza Mama Koleo kwa upole mkubwa.

"Mama," ulijibu. "Njaa."

Baba Kasuku akaketi sakafuni. Sauti ile ilikuwa ya Kasuku, na kile kithembe chake, imetoka kwenye koo la mke wake, na Kasuku mwenyewe yuko mikononi mwake, kafunga mdomo, katoa macho.

"Unataka nini?"

"Mchele."

"Hapa hakuna mchele."

"Mchele wa ukutani. Mchele umemwagika. Nataka wote. Nipe, mama, nipe, nipe." Jini lile halikuwa na maneno mengine ya kutumia zaidi ya yale liliyomlamba mtoto, na lilikuwa likiyatumia yote.

Mama Koleo aliachia koleo. Akatema mate kwenye ndoo, akasukutua, akatema tena.

"Sikilizeni," alisema. "Jini hafukuzwi, anahamishwa. Nani alimfungua huyu?"

Mama Kasuku akaeleza, ulimi mzito, kitabu, ute, kidole. Alieleza na Ukuta na ule mchele wa mwanawe, na mabusu, na pembe ya mtandio, na mkate aliotafuna. Alipofika kwenye mkate alishindwa kuendelea, akatapikia ile ndoo.

"Toba," alisema Mama Koleo. "Umemtafunia mwanao na kumlisha jini kwa mkono mmoja. Basi, yaliyopita yamepita. Kitabuni harudi, nyumba ile ameila yeye mwenyewe. Una njia mbili. Ukae naye. Uondoke mbali na mtoto, usirudi hata siku ya kumuoza, naye abaki hivyo hivyo bubu, maana maneno yake yamo tumboni mwa huyu. Au umpe anachotaka, atoke kwa hiari yake. Jini akitoka kwa hiari hutapika alichokula kwako." Akapunguza sauti. "Ila mimi huhamishia kwenye chungu kimoja, shimo moja, jiwe moja. Huo ukuta wenu siujui. Una mwisho?"

"Hauna," alisema Mama Kasuku.

"Basi ukifanya, mimi usinitaje."

Walitoka. Mume aliuliza mara moja tu, njiani, "Vitabu vya watu wote?" Mkewe alimtazama mtoto begani kwake, jinsi midomo ile midogo ilivyokuwa ikikutana na kuachana bila sauti, akamwambia aende naye nyumbani. Yeye akajifunga tena mtandio mdomoni, akashika njia ya kazini. Alimpigia Gundi akiwa njiani, akamweleza kwa ufupi habari za jini, akauliza kama zile picha bado zipo, na Gundi hakuwa mjinga.

Alimkuta amesimama mlangoni pa chumba cha kazi, mikono ameikaza kwenye fremu kushoto na kulia.

"Najua unachotaka kufanya, dada yangu."

"Sogea," alisema kupitia mtandio.

"Nisikilize kwanza. Vitabu ninavyoshona mimi vingine hufa mezani pangu. Nashona, vinavunjika vumbi. Kinabaki nini? Picha. Watu wa kijiji kizima wamekufa na lugha yao, kimebaki kitabu kimoja, na kitabu chenyewe kimeoza, kipo mle tu. Mle tu! Ukimwingiza huyo, hao hawatakuwa wamewahi kuishi."

"Mimi nina mtoto mmoja, Gundi. Nitaipata wapi picha yake?"

"Tutatafuta mtu mwingine. Kuna waganga, kuna mashehe, kuna wachungaji, tutazunguka wote, nitakuchangia nauli..."

"Aliamka akanitazama akashindwa kuniita mama." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka Gundi akalazimika kusogea amsikie. "Unajua ni nini hiyo? Hujui. Sogea."

"Sisogei."

Basi akashusha mtandio.

Sitasema yote aliyoyaona yule bwana. Nitasema kwamba kilikuwa kimeshatoka chenyewe, kimening'inia mdomoni mwa mwanamke aliyekunywa naye chai miaka mingi, kijivu, kinadondosha, na ncha yake ikajinyanyua ikamgusa midomo kwa upole, kumwonja. Gundi alitapika juu ya viatu vyake mwenyewe. Akateleza na ukuta mpaka chini, na Mama Kasuku akamvuka, kisha akavuka matapishi yake.

Aliketi mezani pake. Akaandika jina lake. Picha zikajitokeza kwenye skrini, kurasa zile zilizozibwa, mistari myembamba iliyobanana, na chini yake neno Ruhusu. Naomba mtu yeyote asije kusema hakujua, maana alijua, alikaa pale akiwaza vile vitabu, na watu wa kile kijiji, na watoto wa watu wengine, na akalia, na bado mkono ukaenda.

Alipobonyeza, hakukutokea kitu kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha kitu kikamshika toka tumboni, kikajivuta kupanda, kikapita kooni kwa unene ambao koo halikuumbwa kuupitisha, kikatoka katikati ya meno yake kikiwa kimejaa na chenye furaha, kikalala juu ya meza, juu ya kibodi, kikaufikia ule mwanga wa skrini na kuanza kuulamba kwanza taratibu kisha kwa pupa, na kadiri kilivyolamba ndivyo kilivyopungua upande huu, kikiingia humo kunjo kwa kunjo, na bado kilikuwa kinatoka, mita kwa mita ya nyama baridi, machozi yanamtiririka, pua imeziba, akijua kwamba akikiuma tu kwa meno kitakatika na kusita, na hakuuma, alifungua mdomo zaidi, alikisaidia kwa mikono yake miwili, alikisukuma, mpaka ncha ya mwisho ikamtoka kooni na kupotea ndani ya kioo, ikaacha juu yake mate mazito yanayoteremka. Alianguka kifudifudi akatapika maji meusi ya wino.

Alipoinua uso, Gundi alikuwa ameegemea mlango akimtazama. Mama Kasuku alichukua sifongo kavu pale kwenye kisosi, akajifuta kidevu, akaondoka.

Nyumbani aliisikia kelele kabla hajafika kwenye ngazi. Alipanda akikimbia, kiatu kimoja kikamvuka akakiacha. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya chumba akicheka na kulia pamoja, na Kasuku yuko juu ya kiti, mikono kiunoni.

"Mama! Mama, mama, mama, ulienda wapi, baba kamwaga maziwa, kijiko kimeanguka, paka kalamba, nikamwambia wewe paka wewe, mlango huo toka, hataki, mama, una nini mdomoni, mbona mweusi, njoo, kaa, nikwambie."

Akakaa sakafuni pale pale. Mtoto akamwangukia mapajani, akaendelea, neno juu ya neno, akichanganya, akirudia, akidai ajibiwe na kukatiza jibu. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili bila kumbusu. Hakuthubutu tena. Alimtazama tu ulimi ukirukaruka ndani ya kinywa, mwekundu, wenye vipele vyake.

Simu ikaita. Alikuwa Gundi, ananong'ona, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi na za viti vinavyosukumwa.

"Niko mbele ya Ukuta," alisema. "Zinazimika. Moja, halafu ya jirani yake, halafu ya jirani yake. Upande wote wa kushoto ni giza. Mkuu anapokea simu toka kila maktaba, watu wanasema vitabu vyao vinafunguka vyeupe, na kuna mmoja anaapa kwamba kioo cha simu yake kimelowa. Unanisikia? Kimelowa, na kinanuka."

"Nakusikia."

"Bado kuna nafasi, dada yangu. Nimeona njia. Mlango wake ni zile picha zako tu. Ukiziondoa, atakuwa hana mlango, atarudi. Atarudi kwako, najua, najua ninachokuomba. Lakini Mkuu amejaribu kuziondoa na mashine inamkatalia, inataka jina lako wewe. Ni kubonyeza mara moja tu. Hata hapo ulipo, kwa simu yako unaweza. Kuna lugha nzima imetoka kuzimika hivi sasa, nimeiona kwa macho yangu. Tafadhali. Mama Kasuku? Niambie basi unabonyeza. Mama Kasuku!"

Mtoto alikuwa amefika kwenye habari za paka kwa mara ya tatu, na safari hii paka alikuwa na viatu.

"Sikusikii, Gundi," alisema mama yake. "Mtoto anaongea."